Hanad Ogle na Sauti Iliyojua Ukoo Wetu

Ndugu zetu wa Habaswein, Wajir na hapa Garissa, assalamu alaykum. Familia inawaomba mtege sikio kwa maisha ya kijana wetu Hanad Ogle Sugow, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1986 huko Habaswein, mtoto wa tatu wa Mzee Ogle na Mama Istahil, wafugaji wa ngamia.

Alisoma shule ya msingi papo hapo, akamaliza sekondari mjini Wajir mwaka 2004, kisha akaenda Nairobi kusomea kompyuta, akarudi na shahada na udadisi uliomchosha mama yake, maana kila kufuli aliloliona sharti ajaribu kulifungua. Mwaka 2012 alimwoa Ruweyda, Mungu akawajalia Sadia na Siyad.

Tangu 2016 alifanya kazi na shirika lililounganisha zahanati zetu kwa mtandao mmoja, faili iandikwe Hulugho isomwe Garissa, na kazi yake ilikuwa kutafuta mianya ya mtandao huo kabla mhalifu hajaiona. Agosti 2024 mhalifu alimtangulia. Mtu alimpigia simu Liban, karani wa zahanati moja, akamhesabia mababu mmoja mmoja hadi wakakutana kwa babu wa saba, ndipo akaomba neno la siri, naye Liban akampa. Alipoulizwa alisema, "Wallahi, mtu ametaja babu yangu, nitamfungia aje mlango?" Nani kati yetu angejibu vingine?

Aliyeingia hakuiba kitu, alibadilisha makundi ya damu ya wagonjwa, mmoja hapa, mmoja pale, na makosa yakasambaa kwenye kila mashine. Hanad aliogopa, wala hakuficha. Alimwambia Ruweyda kwamba mgeni asingeijua nasaba ile, huyu ni wetu, amekula kwetu. Akaacha kupokea simu, akaacha kuupa mlango mgongo, na hata kuitwa "ina adeer", mwana wa ami, na binamu zake kukawa kunamshtua.

Februari 2025 vidonda vya tumbo vilimtoa damu nyingi, akalazwa ili aongezewe damu, na kompyuta ikaonyesha kundi lake ni B. Kwa sauti iliyokwisha nguvu alimsihi daktari apime upya, akapimwa, akaonekana ni O kama alivyozaliwa. Alipata nafuu, lakini ugonjwa ulirudi, na tarehe 11 Mei 2025 Mola alimchukua. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Tunawashukuru madaktari waliokubali kupima mara ya pili, majirani waliopika na kukesha nasi, na wenzake kazini, ambao hadi leo hawajui ni faili ngapi zimeharibiwa. Tafadhalini, kila mmoja wenu akapimwe damu upya. Na kwa kuwa mtu wa ukoo hakosi mazishi ya ukoo, leo tumempa mkono kila aliyekuja, bila kujua tunampa nani.

Hanad, pumzika kwa amani ya Mola wako, sisi uliotuacha tunaogopa.