Mzee Nzai Chome na Wazee Watano wa Chumba cha Nyuma

Jumamosi, tarehe 31 Julai 1999, Mzee Nzai Chome atatimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Kituo chetu cha Utafiti wa Utamaduni hapa Msambweni, na siku hiyo hiyo atastaafu. Kwa kuwa Jumamosi ofisi hufungwa, tunamuaga Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, kwa pilau na kwa hotuba ambazo Dkt. Kahaso, mkuu wa kituo, ameomba zisizidi dakika tano. Mimi nimepewa kazi ya kuandika wasifu. Wanaonijua wanajua kwamba Nafula ni mtu wa wasiwasi. Naogopa mvua itanyesha, naogopa pilau haitatosha, naogopa karatasi hizi zitatoka mtamboni zikiwa na jina la mstaafu limekosewa. Hayo lakini ni madogo. Nimekuwa na wasiwasi mwingine kwa miaka miwili, na dawa yake alikuwa nayo Mzee Nzai muda wote huo, asiniambie. Nitaueleza. Kwanza kazi yake.

Alizaliwa mwaka 1944 upande wa Kinango, katika familia ya Waduruma wafugaji ambamo hadi leo mbuzi huchinjwa Idi na huchinjwa Krismasi, na hakuna anayeuliza sana. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1968 kama tarishi, wakati kituo kilikuwa na vyumba viwili, taipureta moja na baiskeli moja nyeusi. Baiskeli hiyo aliifikisha Lunga Lunga, akaifikisha Shimoni, na inasemekana aliwahi kuibeba begani kutoka Mwereni kwa sababu tairi lilipasuka na hakutaka mali ya ofisi iburuzwe. Mwaka 1974 alipandishwa cheo akawa msaidizi wa watafiti. Kazi yake ilikuwa kubeba kinasa sauti, na kinasa sauti cha siku hizo kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia.

Hapo ndipo penye kisa cha Wasini, ambacho wageni wetu lazima wakisikie. Alitumwa kisiwani kurekodi nyimbo za harusi. Bibi mmoja alikubali kuimba wimbo ambao hakuna mwingine aliyeukumbuka wote, na katikati ya ubeti wa pili betri zikaisha. Mzee Nzai hakumkatiza. Alimsikiliza bibi mpaka mwisho, akamwomba arudie mara tatu, kisha njia nzima ya kurudi akawa anaunong'ona, watu wakimdhania mgonjwa. Alipofika ofisini alitia betri mpya, akaumalizia yeye mwenyewe kwa sauti nyembamba ya kike. Mtaalamu mmoja kutoka ng'ambo aliusikiliza ukanda ule siku mbili, akaandika kwamba sauti ya bibi inazidi kuwa tamu kadiri wimbo unavyoendelea. Angesoma daftari la kanda angeona mwandiko wa Mzee Nzai: "Kuanzia ubeti wa pili aliyeimba ni N. Chome. Betri zilikwisha."

Kisa hiki kinachekesha, lakini nimekileta kwa sababu nyingine pia. Huyu ni mtu ambaye hata kosa lisilojulikana na mtu aliliandika. Tangu 1983 alipofanywa mtunza nyaraka, hakuna aliyechukua penseli bila kutia sahihi, na kipande cha penseli kikirudi kifupi mno aliuliza kimeandika nini. Tulimtania kwamba akifa atamwomba Mungu stakabadhi. Katika miaka yote hiyo hakupoteza hata pini.

Chumba cha nyuma pia kilikuwa chake. Mwaka 1991 kituo kilipokea vigango vitano, zile nguzo za mbao za kuchongwa ambazo Wagiriama na jamaa zao huwasimamishia wazee wao waliofariki. Vilikutwa katika duka moja la vinyago huko Diani, vimesuguliwa ving'ae, tayari kwa watalii. Kigango haking'olewi mahali pake. Mwenye kuking'oa hujitafutia balaa, na wazee waliong'olewa hubaki wakitangatanga. Familia yao haikupatikana, basi vikawekwa kwetu vikisubiri. Mfagiaji wetu Johnstone, mtu wa Machakos na Mkristo wa kuokoka, alisema haamini mambo hayo hata kidogo, na ufagio wake ukaishia kizingitini kwa miaka minane. Wengine tulikuwa hivyo hivyo. Mzee Nzai peke yake ndiye aliyeingia. Kila asubuhi alifungua mlango, akavua kofia, akawaamkia kwa Kiduruma, ile salamu ya kuulizana mmeamkaje, kisha akawapa habari mbili tatu: mvua, bei ya mahindi, nani ameoa. Alisema mtu aliyeibwa kwao, kitu cha kwanza anachokosa ni wa kumsalimu. Mimi nilikuwa natafuna mahamri yangu mlangoni pa ofisi, nacheka.

Sasa nije kwenye wasiwasi wangu.

Mwaka 1996 Dkt. Kahaso alianzisha utafiti mkubwa wa lugha huko Ukunda. Alitaka kujua watu waliotoka bara kuja kufanya kazi mahotelini wanazungumza nini wakiwa nyumbani, wanamkemea mtoto kwa lugha gani, wanasali kwa lugha gani, na kama mtoto aliyezaliwa Ukunda hujiita mtu wa wapi. Ulikuwa utafiti mzuri. Mimi nilichaguliwa kukusanya majibu kwa sababu nakaa huko huko, nyuma ya Kona ya Musa, na kwetu ni Bungoma, kwa hiyo watu wangenifungulia mlango. Walinifungulia. Nilijaza fomu mia nne na kumi na mbili kwa mkono wangu. Ya kwanza ilikuwa yangu mwenyewe, ya majaribio. Juu ya kila fomu palikuwa na sehemu ya jina, kabila, kwao asili, na nyumba anayoishi. Waliosita niliwaambia wasihofu, ni mambo ya elimu tu. Tulizifunga kwenye makatoni manne, tukazikabidhi kwa Mzee Nzai, nikatia sahihi.

Agosti 1997 yakatokea yale mashambulizi ya Likoni, yakashuka mpaka kwetu Ukunda. Sitayasimulia, kila mmoja ana yake. Watu wa bara walikuwa wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Mimi na binti yangu Ashley tulilala uani mwa kanisa siku kumi na moja, na hapo ndipo jirani yangu Mama Quincy aliponikamata mkono. Alikuwa anafunga virago arudi kwao, na hakulia wala kupiga kelele. Aliniuliza tu: "Nafula, ile karatasi yenye uliniandika jina, iko wapi?"

Orodha ya watu wa bara, kwa majina, kwa makabila, nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango, ilikuwapo kweli. Niliiandika mimi.

Njia ilipofunguka nilikwenda ofisini mbio. Mzee Nzai alikuwa mezani kwake. Sikumbuki kama nilimwamkia shikamoo. Nilimwuliza fomu ziko wapi, naye akanijibu bila kuinua macho: "Zimepotea, mwanangu. Nimezipoteza mimi."

Sikumwamini. Mtu wa pini apoteze makatoni manne? Na kama hazikupotea, ziko kwa nani? Nisamehewe kwa ninayoandika sasa, lakini kichwa changu kilikwenda kubaya. Nilikumbuka kwamba yeye ni mtu wa hapa na mimi si mtu wa hapa, jambo ambalo kwa miaka kumi na mitatu halikuwahi kunijia nikiwa naye. Kila nilipomwona akizungumza na mtu nisiyemjua getini, nilisubiri ndani mpaka mgeni aondoke. Nilihama nyumba mara mbili. Dkt. Kahaso alimwandikia barua ya onyo, ya kwanza na ya pekee katika utumishi wake, kwa kupoteza kazi ya mwaka mzima. Aliipokea kwa mikono miwili, akalifungua faili lake mwenyewe, akaiweka mahali pake kwa tarehe. Kisha akaenda kuchemsha chai. Mwezi ule wa Septemba alichemsha chai mwenyewe kila siku, jambo lisilo la kawaida yake, nasi tukadhani ni fedheha.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mama Quincy hajarudi.

Jumatatu wiki hii tulianza makabidhiano. Sheria inataka kila kitu kihesabiwe na mashahidi wawili, nami nimeteuliwa kushika nafasi yake, kwa hiyo mashahidi tulikuwa mimi na Dkt. Kahaso. Tulihesabu kanda, picha, majalada, mpaka pini. Kikabaki chumba cha nyuma. Mzee Nzai alivua kofia, akafungua. Vigango vilikuwa vimesimama ukutani, safi, havina vumbi. Nyuma yao, chini ya jamvi, palikuwa na makatoni manne.

Dkt. Kahaso alifungua la kwanza, kisha akakaa sakafuni na gauni lake jeupe. Fomu zilikuwapo zote mia nne na kumi na mbili, kwa utaratibu wa namba. Kila moja ilikuwa imekatwa sehemu ya juu kwa wembe, kwa rula, bila kuchanika. Majibu yote ya lugha yalikuwapo. Jina, kabila, kwao na nyumba havikuwapo.

Tulimwuliza, naye alieleza kwa maneno machache. Juma lile la Agosti, walikuja watu wawili ofisini. Walibisha hodi vizuri, wakamwamkia vizuri, wakauliza kama ni kweli kituo kina orodha ya wageni wa Ukunda. Mmoja wao alikuwa mtu wa kwao, aliyekula kwake mara nyingi. Akawajibu ilikuwapo, imepotea. Walipekua makabati yote. Walipofika chumba cha nyuma, mlango ulikuwa wazi na wazee watano wamesimama wanawatazama. Hakuna aliyevuka kizingiti.

Walipoondoka alianza kukata. Ilimchukua Septemba nzima, na vipande alivitia kwenye jiko la chai, vichache vichache ili moshi usiulizwe. Kwa hiyo, wenzangu, chai ile tuliyoinywa tukimsengenya ilichemshwa kwa majina ya majirani zangu.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mimi. Alisema: "Wangekuja kwako. Ungeulizwa, nawe uongo huujui, uso wako husema wenyewe. Nikaona heri unishuku." Na kwa nini hakusema baadaye, mambo yalipotulia? Kwa sababu wale wawili walirudi Desemba, kabla ya uchaguzi, na kwa sababu kwao Kinango angehesabiwa kuwa amewachagua wageni, akaacha damu yake. Baada ya hapo, alisema, hakujua tena pa kuanzia.

Ninaandika haya kwa ruhusa yake. Nilimwuliza mara tatu, kwa maana nilihofia kesho yake kuliko yangu. Akacheka: "Andika. Mimi sasa ni mzee wa mbuzi tu." Dkt. Kahaso naye amekubali. Hatafurahi kamwe kwamba kaya zile hatuwezi kuzirudia kwa maswali mapya, na amesema hivyo waziwazi, lakini Jumatano aliiandika barua ya kuifuta ile ya onyo. Mzee Nzai aliisoma, akasema tarehe yake imekaa vibaya, akairudisha isahihishwe.

Kipande kimoja hakukichoma. Ni cha fomu namba moja. Alinikabidhi ndani ya bahasha, nikatia sahihi. Alisema zile nyingine watu waliniambia mimi, lakini hii niliijaza mwenyewe, basi si yake kuichoma. Ninayo hapa mbele yangu. Mwandiko ni wangu wa 1996, mkubwa, wa mtu asiye na hofu.

Mambo yake mengine mtayasikia Ijumaa: kanda elfu moja na mia mbili alizoziweka katika utaratibu, misamiati ya Kidigo na Kiduruma aliyosaidia kuikusanya, wanafunzi wa vyuo aliowafundisha kunyamaza mzee anapozungumza. Mkewe na watoto wao sita watakuwapo. Tumemnunulia redio, naye tayari ameuliza stakabadhi yake iko wapi.

Jana alinipa ufunguo wa chumba cha nyuma. Sikutaka kuupokea. Mimi ni Mkatoliki, mimi ni mwoga. Alinishika kiwiko akanivusha kizingiti, akavua kofia mbele ya wale watano. Nilidhani atawaeleza mimi ni nani, binti wa nani, kabila gani, nimetoka wapi, kama desturi inavyotaka mgeni anapoletwa. Hakusema hayo. Alisema: "Wazee, huyu ni Nafula. Ndiye atakayewaamkia."

Mzee Nzai, kituo kizima kinakushukuru, na wako watu wengi, Ukunda na bara, ambao wangekushukuru kama wangejua. Mungu akujalie afya, mbuzi wazae mapacha, na maisha yako ya huko Kinango yawe mema na marefu. Usiwe na wasiwasi juu ya chumba cha nyuma, wasiwasi niachie mimi. Jumatatu saa mbili asubuhi nitafungua mlango. Salamu naifanyia mazoezi na Ashley tangu jana, na hata nikikosea tamshi, watajua imetoka kwako.

Nafula, kwa niaba ya wafanyakazi wote