Mama Adelgunda Kokuhirwa na Taa ya Nkwenda, 1906–1958

Ndugu, wakwe, majirani, na ninyi mliotembea tangu alfajiri kutoka Songambele: tunayemsindikiza leo ni Adelgunda Kokuhirwa. Mdogo wake, Rwezaura, ndiye huyu anayewasomea maisha yake kwa sababu, kama marehemu mwenyewe alivyozoea kusema, Mungu alimjalia sauti kubwa kuliko akili. Mtamvumilia. Dada huyu hakupenda misiba ya kununa, na habari zake mtu hawezi kuzisoma huku amenuna hata akijitahidi.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1906 huko Kamachumu, mtoto wa tatu wa Mzee Kyomukama na Mama Kokubanza. Alibatizwa Misheni ya Rubya akiwa na wiki sita, na inasemekana alimlilia padre mpaka maji yakamwagika. Wazazi wote wawili walimtangulia mbele ya haki.

Masomo yake yalikuwa ya miaka mitatu tu, kwa masista, kati ya 1917 na 1919. Alijifunza katekisimu, kusoma, na kushona. Siku moja alifumua pindo la vazi la sista mkuu lililokuwa limeanikwa, apate kuona limeshonwaje, kisha akalishona tena kabla ya misa ya jioni. Sista aliligundua pindo lile kwa sababu lilikuwa zuri kuliko la mwanzo. Aliadhibiwa asubuhi, na mchana akapewa mapazia yote ya kanisa ayashone.

Tarehe 20 Juni 1925 alifunga ndoa na Protase Ndyamukama wa hapa Nkwenda, akaja Karagwe kwa miguu, siku nne njiani, cherehani yake ikiwa kichwani mwa mpagazi naye akitembea nyuma yake asiitoe machoni. Walijaliwa watoto wanne. Watatu Mungu aliwachukua wakiwa wachanga, akabaki Kemirembe, aliyezaliwa mwaka 1931. Mzee Ndyamukama alifariki tarehe 9 Agosti 1947, akazikwa kwenye kibanja cha ukoo, hapo nyuma ya nyumba, kwenye migomba ya baba zake.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, na marehemu aliagiza isifichwe. Kibanja ni cha ukoo. Mjane mwenye mtoto wa kike peke yake, tena Muhaya wa kuja, ni mgeni juu yake. Shemeji yake, Mzee Mutalemwa, mdogo wa Ndyamukama, ambaye yuko hapa mbele na amekubali haya yasomwe, alimwambia tangu matanga hayajaisha kwamba wakati ukifika atarudi kwao. Kila mwaka alikuja kumuuliza wakati umefika au bado. Kila mwaka dada alimjibu, “Bado nina nguo za watu, shemeji.”

Na nguo za watu hazikuisha kweli. Alishonea wachimbaji wa bati, walimu, maharusi na mapadre. Lakini ilipofika mwaka 1951 macho yalianza kumwacha. Chini ya koroboi alishona mkono wa shati mahali pa shingo, na mwenye shati akalivaa hivyo hivyo kwa heshima. Dada hakucheka. Macho yakienda, kazi ingekwenda, na kazi ikienda jibu la kumpa shemeji lingekwisha. Basi aliposikia bwana mmoja wa machimbo anaondoka na anauza injini ndogo ya kuzungusha dinamo ya taa, akainunua. Nkwenda nzima ikashika kichwa.

Kwanza alimwita fundi wa umeme kutoka mjini Bukoba. Alifika na viatu vinavyong'aa, akagonga ukuta kwa kidole kimoja, akasema nyumba ya matofali mabichi haifai kupitishiwa nyaya, labda ibomolewe. Dada akamuuliza, “Baba, umewahi kurushwa na umeme?” Akajibu kwa madaha kwamba yeye hajawahi hata siku moja. Dada akampa chai, akamsindikiza mpaka barabarani.

Ndipo akasikia habari za Gosbert Rwegoshora wa Songambele, aliyekuwa amekaa miaka kumi na moja kwenye chumba cha injini huko machimboni. Cheti hakuwa nacho. Dada hakumwita. Alikwenda machimboni mwenyewe kuziangalia nyumba alizozitia nyaya, na hakuwauliza mabwana, aliwauliza wapishi. “Mpishi ndiye anayelala na kazi ya fundi,” alisema. Wapishi watatu wakamwambia neno moja: kwa Rwegoshora swichi haina joto. Ndipo alipomwita.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umewahi kurushwa?”

Rwegoshora akainamisha kichwa. “Mara mbili, waitu mama. Mara ya kwanza nilikuwa mjinga. Mara ya pili nilikuwa na haraka.”

“Basi kazi ni yako,” dada akasema. “Ila humu ndani hakuna haraka. Kabla hujatoboa ukuta wangu, nichoree kila waya unapopita.”

Akachora kwa mkaa ukutani, chumba kwa chumba, na dada akamfuata na kibao cha kukalia, akiuliza hiki nini, na hiki nini, mpaka akaijua njia ya nyaya kama anavyoujua mshono wa koti. Alimhamishisha swichi moja kwa sababu ilikuwa nyuma ya mlango. Fundi akakiri kwamba mama amesema kweli. Siku tisa nyundo ililia, na watu walipita mbele ya baraza yake bila kuleta nguo, wakinyoosha shingo tu.

Siku ya kumi, Ijumaa tarehe 16 Novemba, Rwegoshora alitoka barazani ameshika bamba la shaba lililofungwa waya mrefu. Mnajua, ndugu, kwamba wengi wetu Kiswahili tulikikuta ukubwani, na kile cha Rwegoshora kilikulia kwenye kelele za injini. Akasema kwa sauti, mbele ya wateja: “Mama, huyu lazima tumzike. Tumzike kesho kule kibanjani, karibu na marehemu mzee, pale udongo una maji. Tukimwacha juu ataua watu.”

Mawe, mama yangu! Neno lile halikungoja jioni. Kufika saa sita, Nkwenda yote ilijua kwamba kuna maiti ya mgeni nyumbani kwa mjane, na kwamba itazikwa kwenye kibanja cha ukoo. Na ninyi mnajua maana yake. Anayezikwa kibanjani anaacha haki yake pale, na watoto wake watakuja kuidai. Wanawake wakaja wanalia, wamebeba mikungu ya ndizi ya msiba. Rwezaura, aliyekuwa amekuja kumtembelea dada yake, alilia kuliko wote kabla hajauliza nani amekufa. Na nyuma ya wanawake akaja Mutalemwa na wazee sita wa ukoo, na fimbo zao.

“Shemeji, nani amefia humu?”

“Hajafa mtu.”

“Anazikwa nani?”

“Waya,” dada akasema, akalinyanyua lile bamba juu kila mtu aone.

Mama mmoja akaangua kicheko, na wengine wakafuata mpaka mikungu ikawekwa chini. Mutalemwa hakucheka. Akauliza waya ule ni wa nini, na Rwegoshora akaeleza, safari hii polepole na kwa Kinyambo cha hapa: kwamba umeme ukikosea njia, waya huu huuteremsha ardhini usimpate mtu. Mzee akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jambo ambalo dada alilingoja kwa miaka minne.

“Hata kama ni waya. Mtu wa Songambele haziki kitu kwenye ardhi ya baba zangu, na mwanamke wa kuja hampi ruhusa. Ukichimba shimo hapo, shemeji, kesho unafunga mizigo.”

Dada akaliweka bamba chini. Bila ule waya, Rwegoshora asingewasha injini, na alikwisha kusema hivyo. Akiuzika, anafukuzwa. Aliingia ndani, watu wakadhani amekwenda kulia. Akatoka na jembe, akapiga magoti, akampa Mutalemwa kwa mikono miwili.

“Umesema kweli, shemeji. Mimi siwezi kuzika kibanjani, wala fundi hawezi. Mzike ninyi wenye ardhi. Mkimzika ninyi, taa ni ya ukoo. Mkikataa, na mtu akarushwa humu, atakayekufa ni Kemirembe, damu ya kaka yako.”

Wazee wakatazamana. Mmoja akakohoa, akasema mwanamke huyu ana maneno. Mutalemwa akalipokea jembe. Kesho yake asubuhi alivua koti, akachimba mwenyewe shimo la kufika kiunoni, Rwegoshora akimwelekeza: ongeza kidogo mzee, tia mkaa, mwagia maji. Alipomaliza kufukia alishindilia kwa miguu na akasema, kwa uzito wote wa ukoo, “Haya. Tumemzika.”

Na jioni hiyo hiyo, Jumamosi tarehe 17, mvua ilipokatika, injini ilikohoa mara tatu ikashika. Dada mwenyewe alibonyeza swichi. Jamani! Globu ya barazani iliwaka, na watoto wakapiga yowe lililosikika mpaka gulioni. Watu waliangalia viganja vyao kama waliopewa mikono mipya. Rwezaura alikimbia, hilo analikiri, lakini alirudi.

Kisha, kwa kuwa ulikuwa Novemba, senene, wale panzi watamu wa kukaanga, wakaiona taa.

Walishuka kama mvua ya pili. Walijaa kwenye ukuta, kwenye kofia, kwenye ndevu za wazee. Vikapu vilikwisha, yakaja masufuria, na Mutalemwa, aliyekuja na wazee wake kuhakikisha hakuna hila, alionekana amekunja kanzu yake mbele kama mjamzito, akikusanya kwa mikono miwili na kupiga kelele, “Leteni gunia! Leteni gunia, taa ni yetu!” Miaka minne dada alikuwa hajakaanga senene, maana mke huokotea mumewe, na mumewe hakuwepo. Jioni ile alikaanga sahani ya kwanza akampelekea shemeji. “Kula, shemeji,” akasema mbele ya wote. “Ila lile gauni ambalo mume humnunulia mke kwa senene silidai. Usije ukadhani nimekuwa mkeo.” Mzee alicheka mpaka akapaliwa.

Tangu hapo, bamba lile lilipotaka maji wakati wa kiangazi, aliyelimwagilia alikuwa Mutalemwa. Kila Jumamosi alikuja na mtungi, akamwagilia, akakaa, akanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakabishana. Hakumuuliza tena habari za kurudi kwao. Rwegoshora naye aliitwa kutia nyaya nyumba nyingine tano, na kila alipokwenda alimtafuta kwanza mwenye ardhi amchimbie. Dada alishona miaka saba zaidi chini ya taa yake, na mikono ya mashati ilikaa mahali pake. Mwaka 1955 Kemirembe alirudi nyumbani na watoto wawili, ndoa yake ikiwa imevunjika, naye akafunguliwa mlango.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Februari 1958. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Mwezi wa Julai alilazwa wiki tatu hospitali ya misheni, akawashonea wauguzi vifungo, akaomba kurudi kwake. Jumapili tarehe 12 Oktoba 1958, saa kumi jioni, akiwa na miaka hamsini na miwili, aliitikia rozari mpaka fumbo la nne, na la tano hakuliitikia. Mkono wake ulikuwa mkononi mwa Kemirembe.

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, mdogo wake Rwezaura, na shemeji yake Mutalemwa. Mzee Mutalemwa ameomba maneno yake yasomwe kama alivyoyasema, mbele ya kaburi alilolichimba yeye mwenyewe kando ya kaka yake: “Someni kwa sauti, watu wote wawe mashahidi, nisije nikazeeka nikabadili mawazo. Nyumba hii na migomba yake ni ya Kemirembe na wanawe. Mtu asimuulize atarudi lini kwao. Kwao ni hapa.”

Mama Adelgunda, Mungu akupe pumziko na amani, nyumbani kwako.