Papa Germain na Uzi wa Kwanza wa Kalemie

Tarehe 30 Juni 1988, saa ya kufunga milango, Papa Germain atatundika ukutani funguo za kontwari ya muziki, ile meza ya kuuzia vyombo, na kwenda zake nyumbani. Amelitumikia duka letu, Maison Adrienne, miaka ishirini na moja. Alipoanza, wazee wengi walikuwa bado wanauita mji huu Albertville, na yeye mwenyewe alikuwa na nywele. Karatasi za kazi zinamwita Ilunga, kwa sababu tangu serikali iyakataze, majina ya ubatizo hayaandikwi tena kwenye karatasi. Lakini jaribuni kumwita Ilunga muone kama atageuka.

Kwa wageni wa sherehe hii, kazi yake ilikuwa hivi. Mtu wa Kalemie, wa Bendera, au hata wa kule Pepa kwenye ng'ombe, akitaka gitaa, ngozi ya ngoma au mdomo wa tarumbeta, alikuja kwa Papa Germain, akafunua katalogi ya nyumba moja ya Ubelgiji na kuweka kidole juu ya picha. Papa Germain aliandika komande, yaani agizo, akaipeleka posta. Kisha tulingoja. Koli, yaani mzigo wenyewe, ilipanda meli hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikavuka ziwa. Muda huo wote mteja alipita dukani kila Jumamosi kuuliza kama gitaa lake limefika, utafikiri linakuja kwa miguu.

Shida ya katalogi ni kwamba picha zote zina ukubwa mmoja. Parokia iliagiza ngoma kubwa ya maandamano, ikafika ngoma ambayo padre aliibeba kwapani. Tangu siku ile Papa Germain aliweka sheria yake: kabla ya komande kuandikwa, mteja afungue mikono aonyeshe ukubwa anaoutaka, naye ampime kwa utepe wa kupimia nguo aliouazima kwangu, mimi Denise wa kontwari ya vitambaa. Mpaka leo hajaurudisha. Waliopita nje na kuona wanaume wazima wamenyoosha mikono dukani walidhani ni wavuvi wanajisifu.

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa udadisi. Hakuna koli iliyopita mikononi mwake bila kutikiswa, kusikilizwa na kunuswa. Hajui kupiga chombo hata kimoja, lakini kila chombo alikijaribu mbele ya mwenyewe ili kuhakikisha kina sauti. Siku alipopuliza trombone, mbuzi wa jirani walikata kamba na watu wakaja mbio kuuliza nani amekufa. Yeye wala hakuona haya. Wiki nzima alituuliza sauti ile ilikuwa inakaa wapi kabla hajapuliza, na mpaka leo hakuna aliyemjibu.

Mwaka 1984 nusura tumpoteze. Nyumba ya Ubelgiji iliandika kwamba imechoka na komande ndogondogo za Zaire: mji usioagiza vya kutosha hautatumiwa kitu tena. Mama Adrienne, mwenye duka, hana mchezo na biashara. Akasema kama ni hivyo, kontwari ya muziki itauza sabuni. Papa Germain auze sabuni! Alikonda tukimwangalia. Na hakuwa peke yake katika msiba ule. Mama Agathe, mwalimu wa kwaya, alikuwa anangoja ngozi ya mivukuto ya kinanda cha kanisa. Mivukuto ilikuwa imepasuka, kinanda kinapumua kama mgonjwa wa pumu, na koli isipokuja ndiyo basi tena.

Katika hofu ile ile ikaanza ajabu. Uzi wa kwanza wa gitaa, ule mwembamba wa chuma, ukawa haukai dukani. Tukiagiza boksi, linakwisha; tukiagiza maboksi, yanakwisha. Nyuzi nyingine tano hakuna aliyezigusa. Mama Adrienne hakuuliza kitu. Mwenye kuuza ataulizaje? Ubelgiji wakafurahi, wakaandika tena: hakuna mji wanaoupelekea uzi ule kwa wingi kama Kalemie, kwa hiyo kontwari itabaki. Tena wakaomba tuwatumie picha ya wapiga gitaa wetu, waichape kwenye katalogi.

Wapiga gitaa gani? Mjini tuliwajua wote, na wote wangekaa kwenye benchi moja. Papa Germain hakupata usingizi. Basi siku moja mchana, mvuvi mmoja, Basile, aliponunua nyuzi zake, Papa Germain alifunga kontwari, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akamfuata hadi ufukweni huku akijificha vibaya sana nyuma ya mitumbwi. Akamwona Basile anaukata uzi vipandevipande na kufunga kila kipande kati ya mshipi na ndoana. Basile alipomgundua alicheka hadi akakaa chini. "Papa, ule samaki wa meno anakata nailoni sawa majani," akamwambia. "Waya hii njo inamushinda. Ulizania tunamupigia gitaa?"

Kumbe! Alirudi dukani uso unang'aa, akatusimulia yote, halafu akakumbuka picha na uso ukazima. Mama Adrienne alikuwa na dawa tayari: vijana wa fanfare, wale wapiga tarumbeta wa maandamano, wavae mashati meupe, washike magitaa ya dukani, fotografu apige, mambo yaishe. Duka zima lilikubali. Papa Germain akakataa. Alisema miaka yote amewafungulisha watu mikono ili picha isiwadanganye. Atawezaje leo kutuma picha ya uongo kwa mkono wake mwenyewe? Mama Adrienne akamwambia achague: magitaa au sabuni.

Akamchukua fotografu, wakaenda ufukweni. Basile na wenzake wakapanga mstari, kila mmoja ameinua samaki wake, uzi wa kwanza unaning'inia mdomoni mwa samaki. Nyuma ya picha Papa Germain akaeleza ukweli wote kwa Kifaransa chake kizuri, na chini akaomba jambo moja tu: wakiifunga Kalemie, kwanza watume ngozi ya Mama Agathe.

Ubelgiji wakanyamaza. Mwezi ukapita, ukapita na mwingine. Makatoni ya sabuni yakaanza kuhamia kwenye kontwari yake, naye akayapanga. Aliyanusa pia, maana mazoea yana tabu. Mama Agathe akaacha kupita Jumamosi, na kwaya ikaimba bila kinanda. Nasema kweli, siku zile niliumia moyo, nikawa napima vitambaa nimewapa mgongo yeye na sabuni zake.

Halafu ikavuka koli. Papa Germain akaitikisa, haikulia. Akainusa, akaketi juu ya katoni la sabuni. Ilikuwa ngozi ya mivukuto, na juu yake katalogi mpya. Kwenye ukurasa wa nyuzi za gitaa alisimama Basile na wenzake, samaki meno nje, na chini yao maneno kwamba uzi huu unamshinda hata samaki wa Tanganyika. Kalemie haikufungwa. Mama Adrienne aliitazama picha, akaita watu waondoe sabuni. Jumapili kinanda kilipolia, Papa Germain alikuwa benchi la mbele, analia bila kujificha.

Mtu aliyewaagizia wengine vyombo miaka yote hii hajawahi kuwa na chake. Kwa hiyo tulimwagizia gitaa kwa siri, na mikono niliifungua mimi. Limevuka salama, linanukia vizuri. Lakini jana nilipofungua sanduku kulifuta vumbi, uzi wa kwanza haupo. Dukani pia hakuna hata mmoja, wavuvi wamemaliza. Basile anaapa hajui lolote. Asubuhi hii ameleta kwa ajili ya karamu samaki wa meno ambaye wanaume wawili walimbeba, akasema ni wa Papa Germain na tusiulize maswali.

Asante, Papa Germain. Umetufundisha kutoamini picha na kuamini mikono. Leo kula samaki wako. Jumatatu urudi, usimame upande ule wa wateja ambako hujawahi kusimama, uagize uzi wako. Kisha upite kila Jumamosi kuuliza kama umefika, kama wenzako wote. Mungu akupe afya na siku nyingi, na atusamehe sisi tutakaokuwa tunaomba meli ichelewe.