Mzee Remigius Hhando na Taya la Kakesio

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, majirani wa Kansay, na ninyi wageni wetu mliosafiri tangu jana kutoka Kakesio, naitwa Selina, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu kama alivyoyaeleza mwenyewe, pamoja na sehemu ambayo katika kikao cha jana baadhi yetu waliomba irukwe.

Marehemu Remigius Hhando alizaliwa tarehe 9 Juni 1961 hapa Kansay, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Hhando Qamara na Mama Penina, akabatizwa mwaka huohuo, na kati ya mwaka 1970 na 1976 akasoma shule ya msingi hapahapa kijijini. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, hivyo akaenda kukaa na mjomba wake aliyekuwa akiwapelekea mahindi wafugaji wa Olbalbal, na huko, kwa miaka saba ya kupima mahindi na kunywa maziwa ya watu, akajifunza Kimaasai mpaka wenyewe wakamtania kwamba alizaliwa bomani akaibwa na Wairaqw.

Mwezi Mei 1984 aliajiriwa katika kambi ya watafiti wa mifupa ya kale, kwenye korongo moja upande wa Kakesio, akianza kwa kuchekecha udongo, na kazi hiyo aliipenda kuliko shamba. Alijua kutofautisha jiwe na mfupa uliogeuka jiwe kwa kuugusa kwa ncha ya ulimi, kwa kuwa mfupa hung'ang'ania ulimi na jiwe huachia, na sisi watoto alitufundisha kwamba majivu ya volkano yaliyoganda kule yana zaidi ya miaka milioni tatu na nusu, kwamba humo walizikwa farasi wenye kwato tatu, na wanyama wa jamii ya tembo ambao pembe zao ziliota kwenye taya la chini zikapinda kuelekea ardhini, viumbe waliotembea nchi nyingi kisha wakaisha wote, asibaki hata mmoja.

Tarehe 12 Septemba 1987 alifunga ndoa na mama yetu Hyasinta, mjini Karatu, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Vedasto na Inosenti, na wajukuu saba.

Mwezi Agosti 1996 kambi ilikuwa imefukua taya zima la mnyama yule wa pembe za chini, taya ambalo baba ndiye aliyeliona kwanza, na mkuu wa kambi alipokwenda Karatu kufuata plasta ya kulifunga alimwachia baba agizo moja, asiliguse. Kesho yake walikuwa wanakuja wageni, baba akatamani walikute limeshainuliwa, akaingiza mtaimbo chini yake, likapasuka, meno yakamwagika kama makaa. Hapakuwa na aliyemwona. Jioni hiyo aliyaondoa matawi ya miiba yaliyozungushiwa shimo, akayapanga pembeni, akijua kwamba asubuhi ng'ombe wa Moloimet, mfugaji jirani wa kambi, watapita hapo kwenda majini, nao wakapita, wakakanyaga.

Moloimet aliitwa mbele ya mkuu wa kambi na wageni. Wakati huo hakujua Kiswahili, na mkalimani alikuwa baba. Moloimet akasema kwa Kimaasai, "Ng'ombe hawafungui miiba wakaipanga. Tafuteni mwenye mikono." Baba akatafsiri, "Anakiri, anaomba asamehewe."

Kambi ikaifunga njia ile ya maji, boma la Moloimet likaanza kuzunguka nyuma ya kilima, mwendo wa saa sita kwenda tu, na ukame wa mwaka uliofuata ukawakuta katika hali hiyo, wakafa ng'ombe arobaini na mmoja, na mkewe Nalangu, akibeba maji kwa njia hiyo ndefu, akapoteza mimba ya miezi saba, jambo ambalo yeye mwenyewe ameturuhusu kulitaja hapa. Mwaka huohuo baba alipandishwa cheo kuwa msimamizi wa wachimbaji, akakishika mpaka alipostaafu mwaka 2016, na sisi wanawe tulisomeshwa na kazi hiyo.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na kisukari, na mwaka 2023 figo zikaanza kushindwa, ndipo mwezi Septemba akatuomba, Vedasto na mimi, tumpeleke Kakesio. Tulimkuta Mzee Moloimet amekaa nje ya boma lake, macho yameanza kupoteza nuru, na sasa Kiswahili anakijua.

"Taya nililivunja mimi," baba alimwambia.

"Hilo nililijua siku ileile," akajibu Mzee Moloimet. "Nisilolijua ni ulichomwambia yule mkubwa, maana alinitazama kwa huruma, na mimi sikuwa nimeomba huruma."

Baba akamwambia.

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi ndiye niliyekiri," akasema Mzee Moloimet. "Watoto wangu wamekua wakiitwa watoto wa mvunja mfupa. Mimi usiniombe kitu, Remigius. Yaseme mbele ya watu, tena watu wako."

Baba hakuweza. Mara mbili alisimama kwenye jumuiya ili aseme, na mara mbili akaomba maji ya kunywa akakaa. Mzee Moloimet alifariki tarehe 21 Juni 2024, na baba hakwenda kumzika, akisema miguu inamuuma, nami niliyekuwa nyumbani naweza kusema kwamba siku ile miguu yake ilikuwa mizima.

Januari mwaka huu, akiwa amelazwa, alinishika mkono akaniambia, "Mimi ni mwoga, Selina. Utayasoma wewe, wakati siwezi kuziona nyuso zao." Alifariki tarehe 3 Februari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Basi mbele ya Mama Nalangu na wanawe tunasema kwamba ng'ombe hawakulivunja taya, Mzee Moloimet hakukiri wala hakuwa na la kukiri, na aliyelivunja ni baba yetu. Tumewaandikia barua watafiti walioipokea kambi ile, daftari lao lisahihishwe. Tunaona aibu, na hatuombi mtu atupunguzie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia baba, majirani mliochimba kaburi na kutupikia siku zote hizi, na wachimbaji wenzake mliokuja, hasa ninyi ambao haya mmeyasikia leo kwa mara ya kwanza na bado mmekaa. Mama Nalangu, tulipokupigia simu uliuliza jambo moja tu, kama yatasomwa. Yamesomwa.

Baba, tulikupenda, na tunakuzika tukikupenda, vichwa vimeinama. Mungu akupe pumziko ambalo wewe mwenyewe hukujipa.