Mwalimu Yudita na Mafuta Yaliyoganda

Mwalimu Yudita Sanga, mzaliwa wa Matamba kule Makete, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya ualimu, mingi yake hapa hapa shuleni kwetu Njombe. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Obed Mlowe, mpishi wa shule, kazi ya kuandika habari zake. Haikukosea. Darasa la nne nililosoma mimi zamani lilikuwa darasa kweli, na hakuna mtumishi mwingine hapa aliyemwona Mwalimu akipanda kilima chetu bila kusimama.

Siku hizi anasimama. Magoti yamechoka, sauti imeliwa na vumbi la chaki, na darasa la watoto tisini lenye vioo vilivyovunjika halimpi mtu nguvu katika baridi hii. Hata mimi nimechoka, ingawa mimi nimeumbwa kwa mti mgumu. Lakini Mwalimu hasemi habari za magoti. Tangu Januari neno lake ni moja: "Mzee Obed, somo langu atalichukua nani?"

Somo lenyewe ni lile la yabisi, kimiminika na gesi. Amelifundisha kila mwaka jikoni kwangu, maana shule haina maabara, na jiko kama langu hulikuti mpaka ufike Wanging'ombe, na ukifika hulikuti. Watoto walishika kuni, wakasema yabisi. Walimimina maji toka kwenye ndoo kwenda kwenye kikombe, wakaona yanavyofuata umbo la chombo. Gesi ndiyo iliyowasumbua, kwa sababu kwao gesi ni ule mtungi wa mkuu wa shule. Basi Mwalimu aliwafumba macho, nami nikafunua maharage. Pua zote zikainuka.

"Kimefika nini hapo puani, na hakuna aliyekileta?" akauliza.

Jeni, binti wa fundi baiskeli, akajibu: "Njaa, Mwalimu."

Mwalimu alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la viazi. Kisha akarudia somo lote toka mwanzo. Hivyo ndivyo alivyokuwa, na kurudia huko ndiko kulikomchosha.

Kuna mwaka tulifanya mtihani wa ujirani na shule nyingine, karatasi zikasahihishwa Makambako. Swali lilisema: taja yabisi tatu zinazopatikana jikoni. Watoto wetu, karibu wote, waliandika chumvi, mkaa na mafuta ya kupikia. Wasahihishaji wakaona kosa moja limerudiwa na darasa zima, wakasema hapa watoto wamenakiliana na mwalimu wao amewasaidia. Tukaletewa habari kwamba darasa litafutiwa mtihani, na Mwalimu Yudita ataondolewa kwenye somo la sayansi.

Sasa niambie, mtu wa Njombe, mwezi wa saba asubuhi mafuta yako yakoje? Mimi kila siku naweka dumu karibu na moto ndipo nipate ya kukaangia vitunguu. Watoto waliandika walichokiona. Mwalimu hakubishana na mtu. Alikuja jikoni, akaomba chupa ya mafuta, yakiwa yameganda meupe kama mshumaa, akasema tunakwenda Makambako.

Tulipata Fuso la mbao. Dereva akampa Mwalimu nafasi mbele, mimi nikapanda juu ya mzigo. Nilimwambia chupa nikae nayo mimi juu, kwenye upepo. Akakataa, "Itavunjika, Mzee." Akaifunga kwa kitenge, akaipakata kifuani kama mtoto mchanga, injini ikimpulizia joto miguuni. Tulipofika, mimi nilikuwa nimeganda. Mafuta yalikuwa maji.

Mkuu wa wasahihishaji, Mwalimu Nikodemo, akaitikisa chupa mbele ya wenzake. "Dada Yudita, hii yabisi yako mbona inacheza?" Wakacheka wote. Nilitaka kuwajibu, na mimi nikijibu mtu hulala na jibu hilo, lakini Mwalimu alinishika mkono. Akamwambia Nikodemo kwa sauti ndogo: "Nyumbani kwako hapa kuna baridi?" Akajibu ipo. "Basi ilaze nje, dirishani. Asubuhi tutasahihisha."

Tulilala kwa shemeji yake Conjesta karibu na stesheni. Mwalimu hakula. Asubuhi Nikodemo alikuja mwenyewe na chupa, amejifunga skafu mpaka masikioni. Akaipindua kichwa chini. Hakikudondoka kitu.

"Kamwene, Mwalimu," akamwamkia kwa heshima, kwa lugha ya kwetu. Hakucheka tena. Akaita wenzake, wakapitia karatasi zile upya, na watoto wetu wakarudishiwa mtihani wao. Somo likabaki kwa Mwalimu Yudita mpaka mwaka huu. Ushindi huo watu wanausimulia vibaya, wanasahau kutaja ya kwamba mafuta yalikuwa ya jikoni kwangu.

Sasa somo amepewa Mwalimu Elius, aliyeajiriwa mwaka jana. Sikuficha mashaka yangu. Wiki mbili nzima alisoma kitabu kwa sauti, watoto wakaandika, kimya kama kanisani. Mwalimu Yudita alikaa jikoni akisikiliza kupitia ukuta, na chai aliyopewa ikapoa mezani.

Jumanne iliyopita nyasi za uwanjani ziliamka zimefunikwa barafu nyembamba. Mtoto Eveline akanyoosha mkono, akamwuliza Elius kama ile ni yabisi, na kama ni yabisi mbona ikishikwa inakimbia. Elius akatazama kitabu. Akatazama nje. Akaweka kitabu chini, akasema, "Hata mimi sijui tuanzie wapi. Twendeni tukaishike." Darasa zima likamiminika uwanjani, wanapiga kelele, wengine peku.

Mwalimu Yudita aliwaangalia kupitia mlangoni kwangu mpaka jua likapanda. Kisha akakaa, akavuta kikombe nilichommiminia upya, akanywa chai yote ikiwa bado moto.

Mwalimu, sisi wenzako tunakushukuru kwa kazi uliyoifanya ukiwa na nguvu na ile uliyoifanya zilipokwisha. Rudi Matamba ukapumzishe magoti. Mungu akupe siku nyingi na usingizi wa kutosha.