Jeki ya Lyamba wa Kasansa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama kuna chungu jikoni kinachoweza kusubiri, kisubiri. Leo tunamkumbuka Lyamba, wa kijiji cha Kasansa, kule Mpimbwe, wilaya ya Mpanda. Lyamba alifariki Januari mwaka jana, mwaka 1998, katika zile mvua za El Nino. Alifariki chini ya gari lake. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Lyamba wa Kasansa alifariki chini ya gari alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe kwa miaka minane.

Nawaambia mapema, kumbukumbu hii si tamu. Nimekaa siku mbili na mjane wake, Kabula, wengi wanamwita mama Kija. Nimerudi nina hasira, na sitaificha. Anayetaka muziki leo atasubiri.

Lyamba alikuja Kasansa mwaka 1984, pamoja na ukoo wake na ng'ombe wao, wakitokea Usukumani. Ujanani aliwahi kupaka grisi mashine za jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Hicho ndicho chuo chake cha ufundi, hakusoma kingine. Mwaka 1990 wawindaji fulani waliondoka porini wakaacha Landkruza yao kuukuu, ile ndefu ya milango mingi. Injini ilikuwa imekufa, sakafu imeoza, na ndani wanaishi nyuki. Lyamba akaenda kuiona. Akarudi nyumbani akamwambia mkewe, "Mama Kija, nimepata gari."

Kabula akamuuliza, "Linatembea?"

"Bado."

"Sasa umepata gari au umepata mzinga?"

Kabula anacheka mpaka leo akisimulia. 

Gari lile lilivutwa na ng'ombe wanane mpaka uani kwao, na halikuwahi kuona gereji. Lyamba alikata gasketi kwa boksi la sabuni. Fani belti ilipokatika hakuna duka karibu, akachuna ukanda wa ngozi ya dume, akaufunga, gari likafika. Springi za nyuma aliziongeza chuma cha lori ili zibebe mzigo. Keria ya juu aliunga kwa mabomba ya maji. Kisha akachukua bomba la pampu ya kisima iliyokufa, akalipandisha kutoka kwenye injini hadi usawa wa paa, livute hewa juu wakati gari linavuka mto. Watu wakasema Lyamba amelipa gari pua. Waliocheka ndio hao hao waliokuja kuomba lifti masika, maana ni gari hilo tu lililokuwa likipita.

Na Kabula alikuwa pale kila siku. Yeye ndiye aliyeshika spana upande wa pili. Alijua nati ipi inafunguka kwa nguvu na ipi kwa subira. Mwaka 1995 Lyamba akamfundisha kuendesha. Akaendesha kutoka Usevya hadi Kasansa, mumewe amekaa pembeni amekunja mikono kama bwana shamba. Wazee walisimama barabarani kuangalia. Mmoja akasema gari limeolewa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipozaliwa. Lilikuwa kosa lililotokana na adabu.

Vipuri vikubwa havitengenezwi kwa boksi la sabuni. Ndugu walichangia. Huyu alitoa ng'ombe ikapatikana injini nyingine, yule alitoa ng'ombe zikapatikana tairi. Walitoa kwa kupenda, hakuna aliyekopesha. Lakini katika ukoo ule ng'ombe akitolewa, hutajwa kwa jina la aliyemtoa, hata miaka kumi ipite. Lyamba akafanya vivyo hivyo kwenye gari. Akachukua rangi nyeupe na kijiti, akaandika majina. Kwenye betri: MANYANDA. Huyo ni kaka yake mkubwa, mkuu wa ukoo. Kwenye kioo cha pembeni: NG'WASHI. Huyo ni shangazi yake. Injini ina jina, rejeta ina jina, kila tairi ina jina. Alikuwa anasema asante. Mgeni akifika anazungushwa gari zima anasomewa.

Kabula akamuuliza, "Na mimi jina langu liko wapi?"

Lyamba akajibu, "Wewe nikuandike wapi? Hao wana kipande kipande. Wewe mwenye gari."

Wasikilizaji, shikeni maneno hayo. Jina la Kabula halikuandikwa popote.

Mwishoni mwa mwaka 1997 binti yao, Kija, akachaguliwa kwenda sekondari Mpanda mjini. Katika ukoo mzima hakuna mtoto wa kike aliyewahi kufika huko. Ada ilikuwepo, imelala kwenye magunia ya mpunga waliyoyaweka tangu mavuno. Kilichotakiwa ni gari kupeleka mpunga na mtoto Mpanda, basi. Lakini springi ya nyuma ilikuwa imekatika boliti. Na kubadilisha springi lazima uinue gari. Na jeki haikuwepo.

Lyamba alikuwa na jeki nzuri, kubwa, ya lori. Mwezi wa kumi Manyanda, kaka mkubwa, alikuja kuiazima. Nguzo moja ya ghala lake ilikuwa imeliwa na mchwa. Akainua pembe ya ghala kwa jeki, aweke nguzo mpya. Aliinua. Nguzo hakuweka. Ghala likabaki limekaa juu ya jeki, na mpunga wake ndani.

Kabula alitumwa mara ya kwanza. Manyanda akasema, "Kesho." Akatumwa mara ya pili. Manyanda akasema, "Mama Kija, nikiitoa ghala litalala. Ngoja nikate nguzo." Mara ya tatu mvua ilikuwa imeshika kweli kweli, Kija amebakiza siku nne kuripoti shuleni. Manyanda hakutoka hata nje. Alimjibu akiwa ndani, kwamba mvua hii nani ataingia porini kukata mti.

Kabula akarudi akamwambia mumewe, "Nenda mwenyewe. Wewe ni ndugu yake."

Lyamba akasema, "Kaka haombwi mara nne."

Ndivyo alivyosema. Nimemuuliza Kabula mara mbili, naye amerudia vile vile. Kaka haombwi mara nne.

Kesho yake saa nane mchana mvua ikakatika. Lyamba akamwita jirani yao, Kalisti, Mfipa mmoja mwenye mikono mizito. Wakakata mti mrefu, wakaupenyeza chini ya gari, wakaliinua kama unavyonyanyua jiwe shambani. Wakaweka gogo. Lyamba akaingia chini na spana. Kabula alikuwa upande wa pili amechuchumaa, amemshikia boliti.

Ardhi ilikuwa tope. Gogo likateleza.

Kalisti ameniambia hivi: "Tulilinyanyua, mimi na majirani. Tulimtoa. Alikuwa anapumua. Ikawa sasa apelekwe hospitali, kila mtu anaangalia huku na huku. Gari lenyewe ni hilo lililomlalia." Walimfunga kwenye kitanda wakambeba begani kwenda Usevya. Njiani, kwenye kijito kilichofurika, Lyamba akakata roho. Alikuwa na miaka arobaini na mbili.

Akazikwa. Siku ya nne ukoo ukakaa uani. Kabula amekaa chini pamoja na wanawake. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: gari libaki zima. Springi ifungwe, yeye aendeshe, mpunga uende Mpanda, Kija aende shule hata akichelewa. Likibaki zima, nyumba yake inaishi. Likiguswa, kwisha.

Akasimama Manyanda. Maneno yake nimeyapata kwa watu watatu, na yanafanana. Alisema, "Ng'ombe akimpiga pembe mwenye zizi akamuua, harudishwi zizini. Anachinjwa, kila mtu anapewa sehemu yake, mambo yanakwisha. Na hili ni hivyo hivyo. Limeua. Tena marehemu alishatugawia mwenyewe, majina yapo."

Jamani. Mtu anaandika asante, wenzake wanaisoma kama wosia.

Kabula akaomba kusema. Akapiga magoti akasema, "Shemeji, gari halikumuua baba Kija." Akaishia hapo. Kalisti alikuwa amesimama kwenye uzio, anamwangalia, anasubiri aseme la jeki. Hakusema. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mwanamke wa matanga, unasimama mbele ya wazee unamwambia shemeji yako mkubwa kwamba yeye ndiye? Nani angekubali? Wangesema natafuta gari juu ya kaburi."

Basi wengi wape, wakapewa. Kazi ya miaka minane ilimalizwa na shoka, nondo na spana kwa siku moja, kabla jua halijazama. Na spana walizotumia ni za marehemu. Mmoja alishindwa kufungua nati ya gurudumu, akamuuliza mjane inafunguliwaje. Kabula alimwonyesha. Anasema mikono ilikwenda yenyewe.

Nimekwenda kuvitazama vipande hivyo, wasikilizaji. Msifikiri vimemtajirisha mtu. Rejeta imetundikwa ukutani, hata mwenyewe hajui ya kazi gani. Tairi moja imepasuliwa, bata wanakunywea maji. Springi zimefuliwa mapanga. Injini ilichukuliwa kwa mkokoteni, ikashushwa nje ya nyumba, na mpaka leo kuku wanatagia juu yake. Shangazi Ng'washi peke yake ndiye aliyerudisha. Alikifunga kile kioo cha pembeni kwenye khanga, akaja nacho kwa Kabula akisema, "Mwanangu, mimi nilitoa ng'ombe nikasahau. Hiki ni chako." Mungu amweke bibi huyo.

Kabula alibaki na bodi tupu. Bodi ndiyo haikuwa na jina. Mpunga ulinunuliwa na wachuuzi waliokuja na bei yao, maana walijua hana pa kuupeleka. Nafasi ya Kija shuleni ikapita. Kija sasa ana miaka kumi na sita, na mwaka huu anaolewa. Hakutaka kuzungumza na mimi. Alikuwa anachana nywele kwenye kile kioo cha shangazi, akaniambia tu, "Baba alikuwa anajua kusoma kila kitu kwenye gari. Na mimi nilitaka kusoma."

Nilikwenda kwa Mzee Manyanda. Haki lazima itendeke, naye nilimsikiliza. Alinipokea vizuri, akanipa maziwa. Alisema anamlilia ndugu yake kila siku, na mimi naamini analia. Uani kwake nikaliona ghala, na kwenye pembe, chini ya boriti, chuma chekundu kimezama kwenye udongo. Nikamuuliza, mzee, hii nini? Akajibu, na sauti yake tunayo hapa kwenye mkanda: "Hii? Jeki ya marehemu. Nguzo sijapata bado."

Miezi kumi na mitano tangu mazishi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa matanga yamekuja, yamekwisha, na malipo bado.

Wakati naaga nilimuuliza Kabula, ukipewa nafasi ya kusema neno moja redioni utadai nini? Nilitegemea atataja injini, au tairi, au ada ya mtoto. Akafikiri. Akasema, "Waambie wairudishe ile jeki. Sina gari la kuinua. Nataka tu itoke pale, isiendelee kumbebea mpunga."

Wasikilizaji wapendwa, kipindi hiki kinatoa pole kwa mama Kija. Pole kwa Kija. Pole kwa shangazi Ng'washi, na kwa Kalisti aliyembeba jirani yake begani. Pole kwa ukoo wote, maana waliofiwa ni wote, hata waliobeba tairi. Na wewe unayenisikiliza, popote ulipo, baada ya hapa zunguka nyumba yako polepole. Tazama nyuma ya mlango, tazama chini ya kitanda. Angalia kuna kitu cha nani, na mwenyewe ameshakuja kukiulizia mara ngapi.

Mzee Manyanda, najua unanisikia. Redio yako ni ile kubwa ya kaseti, niliiona sebuleni, na inaendeshwa na betri ya gari yenye jina lako kwa rangi nyeupe. Betri baki nayo, uliandikiwa. Jeki haina jina lako.