Nani Amlambe Mfalme?

Katika basi la Yeoncheon, mzee Wang Deok-su alikuwa akiipeleka stempu ulimini na kuirudisha, kama mtoto aliyepewa dawa chungu. Ilikuwa stempu ya ukumbusho wa enzi ya Goryeo, ufalme wa kale wa Korea, yenye picha ya mfalme Wang Geon, na mfalme huyo ndiye babu wa ukoo wao. Barua yenyewe ilikuwa ya kumwalika kaka yake kwenye tambiko la mfalme yuyo huyo. Ikikosa posta leo, kaka atanuna mwaka mzima.

"Lamba basi, mzee, posta inafungwa," akasema mama mmoja aliyepakata ndoo ya kimchi, kabichi ya kuchachusha yenye pilipili. "Nimlambe babu yangu kisogoni? Mie nina adabu!" "Haya lete nikulambie, mimi ni wa ukoo wa Yi."

Mzee akaruka kitini. "Yi! Si nyie mliotupindua? Mlichukua kiti, sasa mnataka na kisogo?" "Miaka mia sita hiyo, mzee, bado hujameza tu?" "Sijameza, na wala si—"

Dereva akafunga breki mbele ya posta. Mkono ukamrukia mzee mdomoni, na mfalme akanata chali juu ya ulimi, wala hakuonekana kukasirika.

Yule mama akainua ndoo yake ashuke. "Sasa chagua, mzee: umtume au ummeze."